"Sijasevu": Sarufi katika Mazungumzo ya Wapenzi wa Gemu Mpwapwa

Makala haya yanaeleza kwa nini mazungumzo ya vijana wapenzi wa gemu hayastahili kuitwa uharibifu wa Kiswahili. Tuchukulie vijana wawili mjini Mpwapwa, mmoja akimwambia mwenzake: "Sijasevu, umeme ukikatika naanza upya." Kitenzi -sevu kimetoka katika Kiingereza, lakini umbo lake limeamuliwa na Kiswahili.

Kwanza, shina lililoishia kwa konsonanti limeongezewa irabu. Kwa kawaida /u/ hufuata konsonanti inayotamkwa kwa mdomo, kama katika -jaribu na -fahamu, vitenzi vyenye asili ya Kiarabu. Kwingineko hutokea /i/: -lodi, kama -safiri na -badili. Pili, irabu hiyo haibadiliki katika ukanushi wa wakati uliopo: "hasevu" ni sawa na "hajaribu", ilhali kitenzi cha Kibantu -cheza hutoa "hachezi". Tatu, kitenzi hicho hunyambulika: "nisevie".

Mazungumzo yakihamia kwenye sayansi, tatizo huwa jingine. Akili bandia, akili mnemba na akili unde zinashindania dhana moja, na vijana huishia kusema "ei ai". Hilo ni suala la usanifishaji, jukumu la BAKITA tangu 1967.

Kwa hiyo, mwalimu ana haki ya kudai -hifadhi katika insha. Hata hivyo, akidai kwamba -sevu haina sarufi, atakuwa anakana kanuni zilezile anazozifundisha.