Je, Wajua? Noti kwenye Sidiria Haileti Saratani

Je, wajua kwamba pesa unazoficha kifuani haziwezi kukupa saratani ya matiti? Soko lote la Gikomba, Nairobi, linaijua benki ile: mama anapokea noti ya mteja, anageuka kidogo, anaisukuma ndani ya sidiria, kisha anaendelea kuita wanunuzi. Kwa miaka mingi ametishwa kwamba wino wa noti na chuma cha sarafu hupenya ngozi na kuozesha titi. Si kweli. Noti chafu inaweza kukuwasha, basi. Saratani huanzia ndani ya mwili, chembe za titi zinapoanza kuzaana bila mpangilio, mara nyingi kwenye vijifereji vinavyopitisha maziwa.

Sidiria nayo haina kosa. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson mjini Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya mahojiano na wanawake zaidi ya 1,500. Waliwauliza walianza kuvaa sidiria wakiwa na umri gani, huivaa saa ngapi kwa siku, na kama ina waya. Hawakuona uhusiano wowote na saratani. Na ikiwa imetoka kwenye robota la mitumba, ifue tu, kwa sababu saratani haiambukizwi kwa nguo.

Naanza na hofu hizi kwa makusudi. Yupo anayehamishia pesa mfukoni akaamini amejikinga, huku uvimbe alionao kwapani akiuacha ukue.

Je, wajua titi linafika kwapani? Unapojipapasa, usiishie pale sidiria inapoishia. Na uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi, jambo ambalo ndilo linalotuponza. Mwanamke anayeshinda amesimama kutoka alfajiri ana mgongo unaouma, miguu inayouma na kiuno kinachouma. Kisichouma anakipa nafasi ya mwisho. Angalia pia chuchu iliyoanza kuingia ndani, damu inayotoka kwenye chuchu, au ngozi iliyofanya vishimo kama ganda la chungwa.

Je, wajua uvimbe mwingi wa matiti si saratani? Lakini vidole havina uwezo wa kutofautisha. Kinachotofautisha ni bayopsi, yaani sindano inayochukua kinyama kidogo kikapimwe maabara. Lile neno kwamba saratani “ikiguswa na chuma inasambaa” limewachelewesha wengi mno. Sindano ya bayopsi haisambazi ugonjwa. Bila hiyo daktari hajui hata dawa ya kuchagua.

Na wanaume? Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, karibu mmoja ni mwanamume. Wewe unayesukuma mkokoteni, ukihisi kitu kigumu nyuma ya chuchu, nenda kapimwe. Si aibu.

Je, wajua saratani ya matiti ndiyo inayopata watu wengi zaidi nchini Kenya? Makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yalihesabu wagonjwa wapya 6,799 na vifo 3,107. Wengi wetu tunafika hospitali ugonjwa ukiwa tayari katika hatua ya tatu au ya nne.

Sasa hapa nataka tukae kidogo. Je, wajua kuhusu siku 60? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizindua mpango wa saratani ya matiti wenye malengo matatu. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi wote uishe ndani ya siku 60 tangu mtu afike kwa mhudumu wa afya. Na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Chukua siku hizo 60 uzilete hapa sokoni. Kuna siku ya mamogramu, yaani picha ya matiti, ya bayopsi, ya kufuata majibu, kisha ya kupigwa picha nyingine kuona kama ugonjwa umeenda mbali. Kila siku moja ni nauli ya kwenda tao na kuunganisha matatu ya Hospitali ya Kenyatta, ada ya kipimo, na kibanda kilichofungwa. Tena si saa yoyote. Robota hufunguliwa alfajiri, na nguo za kamera, zile za daraja la kwanza, huchukuliwa kabla jua halijapanda. Foleni ya kliniki nayo hupangwa asubuhi hiyo hiyo. Soko na hospitali vinamtaka mwanamke mmoja saa ile ile. Tukisema “alichelewa mwenyewe”, tunamwonea. Alikuwa akitafuta karo.

Ndiyo maana naamini kwamba baada ya dawa, hakuna kinachomsaidia mgonjwa wa Gikomba kama mtu wa kumshikia kibanda. Mchango wa harambee ni mzuri, lakini huja mara moja. Kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, huja mara nyingi, kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi.

Je, wajua kuna dawa ya saratani iliyotoka kwenye gome la mti? Inaitwa paklitakseli, na asili yake ni mti unaomea magharibi ya Amerika Kaskazini, ambao gome lake lilikusanywa kwa uchunguzi mwaka 1962. Namwambia hivi yule anayeacha kemo akafuate mitishamba kwa kuwa “hospitali ni kemikali tu”. Mti huo ulichunguzwa kwa miaka mingi hadi kipimo cha dawa kikajulikana, na kuna mtu anayekupima damu kabla ya kila dozi. Chupa isiyo na jina haikupi hayo. Kama unakunywa kitu kando, mwambie daktari wako.

Je, wajua ile dawa nyekundu ya kemo, doksorubisini, ilitokana na bakteria wa udongoni huko Italia? Siku moja au mbili baada ya kuipata, mkojo unaweza kuwa mwekundu. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Familia ziambiwe mapema, zisije zikakesha na hofu bure.

Tamoksifeni, tembe inayomezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi na wagonjwa wengi ambao saratani yao hulishwa na homoni, ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1960 kwa nia ya kuzuia mimba. Kazi hiyo ikaishinda. Leo imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Usiiache kwa sababu unajisikia mzima.

Hili likariri: joto la mwili likifika nyuzi 38 mgonjwa akiwa katika wiki za kemo, ni dharura. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huwa zimepungua. Nunua kipimajoto ukiweke nyumbani, na homa ikija usimpe panado ukasubiri kukuche. Mpeleke usiku huo huo.

Mgonjwa akisema chai ina ladha ya chuma, mwamini. Kemo hubadilisha ulimi. Hajakataa chakula chako.

Je, wajua mkono unaweza kuvimba hata miaka baada ya upasuaji wa saratani ya matiti? Tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwili hupoteza njia ya kurudi. Fundi wa cherehani avae subana, na anayefua au kupalia avae glavu, kwa kuwa jeraha dogo laweza kuleta maambukizi. Lakini ule ushauri wa zamani kwamba asinyanyue kitu maisha yake yote umepitwa na wakati. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliwafuata wanawake 141 wenye mikono iliyovimba. Waliofundishwa kunyanyua vyuma taratibu, wakianzia uzito mdogo, hawakuvimba zaidi kuliko wenzao, na matukio ya uvimbe kuzidi yalipungua. Kwa mwanamke ambaye riziki yake ni kubeba, hii ni habari kubwa. Haina maana kwamba wiki ya pili baada ya upasuaji ujitwike robota la kilo 45. Ina maana urudi kazini kwa hatua, ukiongozwa na mtaalamu wa viungo.

Je, wajua titi linaweza kufumwa kwa uzi? Huko Thika, fundi cherehani ambaye mwenyewe aliugua saratani ya matiti huwafumia wenzake matiti ya nyuzi, laini na mepesi, ya kuweka ndani ya sidiria. Wengi hujaza pamba au soksi, nazo huteleza. Mafundi wa Gikomba wanaweza kukushonea mfuko mdogo kwa ndani ili titi hilo litulie. Ni kazi ya dakika chache, na mwanamke anarudi kusimama mbele ya wateja bila kuvuta leso kila saa.

Kuhusu gharama: SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mchuuzi asiye na mwajiri hutakiwa kulipia mwaka mzima, kwa hiyo chama chenu kinaweza kuanza kuweka akiba hiyo leo, kabla hajaumwa mtu. Matibabu ya saratani yana kikomo kwa familia kwa mwaka. Kilipoanza kilikuwa shilingi 550,000. Ulizia kiasi kilichobaki kabla ya kila awamu. Na kama maabara imesema saratani yako ni ya HER2, jua kwamba mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche zilikubaliana kushusha bei ya dozi moja ya dawa yake, Herceptin, kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na SHA ilipe hizo 40,000. Uliza kwa jina lake.

Nairobi Hospice, iliyo karibu na Hospitali ya Kenyatta, imehudumia wagonjwa tangu 1990. Si mahali pa kungojea kufa. Hutuliza maumivu, na maumivu yana dawa.

Kwa hiyo, kama kuna uvimbe ambao umekaa nao tangu mwezi uliopita, alfajiri ya kesho robota lifunguliwe na mwingine. Na wewe uliye kibanda cha pili, muulize jirani yako siku yake ya kliniki ni lini, kisha umwambie, “Nenda, nitakuuzia.”