Mayai ya Kuvuruga Juu ya Mbabula

Sehemu kubwa ya mayai yanayouzwa Kasumbalesa, mji wa Kongo ulio mpakani, hutagwa ng'ambo, Zambia. Hupitia Chililabombwe yakiwa kwenye trei za 30 zilizopangwa moja juu ya nyingine, yakafika mpakani, kisha yakasubiri. Kusubiri ndiyo kazi ya mji huu. Malori ya shaba yaliyotoka Kolwezi na Likasi husubiri kutoka, ya mafuta na saruji husubiri kuingia, na madereva waliokuja kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma hupikia kando ya magurudumu siku baada ya siku. Agosti 2024 Zambia ilipoufunga mpaka kwa siku chache, kwa sababu ya mzozo juu ya vinywaji vinavyoingizwa Kongo, aliyekuwa na trei zake upande wa pili alikuwa na sababu nzuri ya kukosa usingizi.

Ndiyo maana mtu akiandaliwa mayai ya kuvuruga yaliyokauka, yaliyochuruzika maji sahanini, huwa na jawabu tayari: mayai ya mpakani haya, yamekaa mno. Hata Lubumbashi, kilomita kama 90 kutoka hapo, lawama ni hiyo hiyo. Mimi nayatetea mayai. Katika pishi hili uzee wa yai ni jambo dogo. Yanayoharibika huharibika motoni.

Tuanze hata hivyo na yai lenyewe. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na tangu siku ya kutagwa yai hupoteza kidogo kidogo mvuke wa maji na hewa ya kaboni. Nafasi ya hewa iliyo kwenye kitako chake kipana hupanuka. Ute nao huzidi kuwa na alkali, ule mzito unaolishikilia kiini unakuwa mwepesi kama maji, na ngozi ya kiini inalegea. Joto huharakisha yote haya. Trei iliyokaa juani mwezi wa Oktoba, wakati Katanga inachemka ikingoja mvua, huzeeka upesi kuliko ile iliyokaa kwenye baridi ya Juni.

Vunja yai la namna hiyo kwenye kikaango ukitaka jicho la ng'ombe, utaona aibu: ute unakimbilia pembeni na kiini kinapasuka. Lakini ukikusudia kuvuruga, umepoteza nini? Ute mwepesi huchanganyika na kiini kwa urahisi zaidi, bila vile vipande vyeupe vinavyoteleza mdomoni. Kwa kuchemsha, yai lililokaa siku kadhaa ni bora kuliko la leo, kwa sababu ute wake hauing'ang'anii tena ile ngozi ya ndani ya ganda, na ganda hutoka kwa vipande vikubwa. Kwa hiyo mapya nayaweka kwa kukaanga yakiwa mazima. Yaliyokaa nayavuruga au nayachemsha.

Swali la umri lina ujanja wake hapa.

"Mama, mayai haya ya lini?"

"Ya juzi, baba. Yalivuka juzi."

Hajasema uongo. Amekutajia siku ya kuvuka, na siku ya kutagwa huenda yeye mwenyewe haijui. Ulizia ndoo ya maji. Yai jipya hulala ubavu chini kabisa. Lililozeeka husimama, kitako kipana kikitazama juu, nalo bado linalika. Linaloelea limepoteza mengi mno, usilinunue. Maji hayawezi kukuambia kama yai lina vijidudu: viza hujulikana kwa pua, na vijidudu huuawa na moto. Nyumbani, vunja kila yai ndani ya kikombe kwanza, ndipo ulimimine kwenye bakuli. Yai moja viza likiingia kwenye matano mazuri, umeyapoteza yote sita. Na yale yenye ufa, yanayouzwa rahisi baada ya safari mbaya, yapikwe siku hiyo hiyo mpaka yakauke. Hayafai kwa pishi laini ninalolieleza hapa.

Sasa moto. Ute wa yai ni maji kwa karibu sehemu tisa kati ya kumi, na sehemu iliyobaki ni protini. Kiini ni maji nusu, mafuta theluthi moja hivi, na protini. Protini hizo ni nyuzi ndefu zilizojikunja. Zikipata joto hujikunjua, zikakutana, zikashikana, na katikati yake zikayanasa maji. Hapo yai limeganda nalo bado ni laini. Moto ukizidi, nyuzi huendelea kuvutana, wavu unabana, na maji yaliyonaswa yanakamuliwa nje. Yale maji unayoyaona sahanini yalikuwa ndani ya yai tangu mwanzo. Mpishi ndiye aliyeyatoa.

Protini za kwanza za ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi za sentigredi. Kiini huanza kuwa kizito kwenye 65 na kushikana kwenye 70. Protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye ute hungoja mpaka karibu nyuzi 80. Vikishapigwa pamoja, mchanganyiko huganda kwenye nyuzi zinazopita 70 kidogo tu. Kikaango kilichokaa juu ya makaa mekundu hupita nyuzi 200 bila shida. Kati ya hayo mawili kuna sekunde chache, na ndani ya sekunde hizo mayai yanakuwa mazuri au yanakuwa mpira.

Vitabu vya upishi husema "punguza moto". Mwenye jiko la gesi atazungusha kitufe. Mbabula haina kitufe. Ni bati lililotobolewa, makaa juu, majivu chini, na upepo unaamua mengine. Lakini mpishi wa mbabula ana njia iliyo ya haraka kuliko kitufe cha jiko la umeme: anaweza kuepua sufuria papo hapo, na moto ukakatika papo hapo. Kisahani cha umeme hubaki na moto wake hata ukikizima. Mkono unaoinua na kushusha ndio kitufe chenyewe, na kwa mayai ni kitufe kizuri.

Ngoja makaa yapite hatua ya kuwaka, yavae majivu meupe. Usipepee. Ukiona bado ni makali, yatandaze, au nyunyiza majivu kidogo juu yake. Kama umepika bukari (ugali wetu) au sombe (majani ya muhogo), moto unaobaki baada ya hapo ndio wa mayai. Ukiyaanza wakati makaa yanarusha cheche, umeshindwa kabla hujavunja ganda.

Piga mayai 4 na chumvi, robo kijiko cha chai au pungufu kidogo, kisha yaache robo saa. Wapo wanaoamini chumvi ikitangulia inayakaza mayai, na ushauri huo umepita jikoni kwa miaka mingi. Kinachotokea ni kinyume. Chumvi hubadilisha namna protini zinavyovutana, zikashikana kwa ulegevu zaidi, na maji yakabaki ndani. Mchanganyiko utakuwa na rangi iliyokolea kidogo, usishtuke.

Weka mafuta kwenye kikaango. Siagi ina faida moja isiyosemwa: inakuambia joto limefika wapi. Ndani yake mna maji, karibu sehemu moja kati ya sita, na margarini nayo ina maji yake. Maji hayo yakichemka yanafanya povu. Povu likianza kutulia, kabla rangi haijageuka, ndipo mimina mayai. Mafuta ya kula ya chupani hayana maji, kwa hiyo hayatoi ishara yoyote mpaka yaanze kutoa moshi, na hapo umechelewa. Yajaribu kwa tone la yai. Likichachatika kwa kelele, epua, subiri. Likiganda kimya kimya, endelea. Mafuta ya mawese yanafaa na rangi yake inapendeza, ila ladha yake hulifunika yai, na mimi mayai napenda niyasikie.

Ukishamimina, ngoja kidogo mpaka ukingo ugande, halafu sukuma taratibu kwa mwiko kutoka pembeni kuja kati, ukikwangua chini. Ukiona chini panaganda upesi kuliko unavyosukuma, inua kikaango hewani, endelea kusukuma, hesabu mpaka kumi, kirudishe. Inua tena. Mtu anayekutazama atadhani unacheza. Ukivuruga mfululizo utapata chembe ndogo, karibu uji mzito. Ukivuruga kwa kupumzika utapata mikunjo mikubwa milaini. Zote ni halali. Mimi ni wa mikunjo.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni kuepua mapema. Kikaango kina joto lake na mayai yana joto lake, na kazi inaendelea hata baada ya moto kuondoka. Mayai yakiwa bado yanang'aa, na upande mmoja ukionekana kana kwamba unahitaji nusu dakika zaidi, yamimine sahanini. Hiyo nusu dakika yataimalizia mezani. Ukiyaacha kwenye kikaango cha moto ukienda kumwita mtu aje kula, utarudi ukute maji. Yakikaa muda mrefu zaidi kwenye joto, kama kwenye vyombo vya kifungua kinywa vya hoteli, hugeuka kijanikibichi: chuma cha kwenye kiini kimekutana na salfa ya kwenye ute. Hayana sumu, ila hayapendezi.

Kwa asiye na imani na mkono wake, ipo njia ya sufuria mbili. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria kubwa, weka ndogo yenye mayai na siagi juu yake, ukoroge kwa mwiko. Auguste Escoffier, mpishi Mfaransa, katika kitabu chake Le Guide Culinaire cha mwaka 1903, anaeleza kwamba wapishi wa kale walivuruga mayai kwa maji ya moto namna hii. Yeye aliona inachukua muda mrefu, akapendekeza moto wa wastani wa moja kwa moja, na kijiko cha mbao kisichotulia. Alikuwa na haraka za hoteli kubwa. Aliyeko kwenye foleni ya Kasumbalesa hana haraka hiyo. Tena mji upo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Moto uwe mkali namna gani, maji hayatapita hapo yakiwa bado yanachemka, kwa hiyo sufuria ya juu haifiki kamwe kwenye joto la kuunguza. Itachukua dakika kumi au zaidi, na yatatoka laini kabisa. Njia hii inaishinda hata sufuria nyembamba ya alumini, ambayo juu ya makaa hupata moto mahali pamoja na kugandisha mayai chini.

Maziwa? Kijiko kimoja cha chakula kwa mayai 2 kinatosha. Yanazitenganisha protini, zinachelewa kushikana, unapata muda. Ukizidisha, wavu hauwezi kuyabeba maji yote na yatachuruzika hata ukipika vizuri. Anayetaka bima zaidi akoroge nusu kijiko cha chai cha maizena kwenye hayo maziwa kabla ya kuyatia. Wanga huyashika maji na kuzizuia protini zisibanane. Nimeonja, yanafaa, ila mdomoni kuna utelezi ambao si wa yai.

Nyanya ndiyo adui anayependwa. Kwetu mayai bila kitunguu na nyanya huonekana ya mgonjwa, nami sitaki kumnyima mtu nyanya yake. Tatizo ni kwamba huwa inatupwa mbichi pamoja na mayai, ikamwaga maji yake na ukali wake katikati ya pishi. Kaanga kitunguu kwanza, tia nyanya na pilipili, acha vikauke mpaka mafuta yajitenge pembeni. Vitoe kwenye sahani. Pika mayai peke yake katika kikaango hicho hicho kilichofutwa, na yakiwa yanakaribia kuepuliwa, rudisha nyanya na ukunje mara mbili tu. Hiyo hatua ya kuvitoa watu hawaipendi kwa sababu inachafua sahani ya pili. Ichafueni.

Neno moja la afya. Vijidudu vya salmonela hufa yai lote likifika nyuzi 71, na mayai laini kabisa huenda yasifike hapo. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wapikiwe mpaka pasionekane unyevu wowote wa yai bichi, hata kama mpishi ananung'unika. Osha mikono baada ya kushika maganda, hasa yaliyokuja na kinyesi cha kuku.

Kuhusu cha kulia, mkate mrefu wa asubuhi uliopashwa kidogo juu ya makaa hayo hayo unaenda vizuri kuliko kitu kingine. Bukari unataka mchuzi, na mayai laini hayana mchuzi wa kutosha kuushusha. Ila yakikushinda siku moja yakakauka, bukari ndio mahali pake: yakatekate, yatie kwenye nyanya iliyokaangwa yenye pilipili na maji kikombe kimoja, yachemke dakika tano. Kwenye mchuzi, ukavu wa yai hausikiki sana, na hapo nyanya nyingi si kosa.