Sigara na Macho: Kinachotibika na Kisichotibika

Wavutaji wengi wanajua kuwa sigara huumiza mapafu na moyo. Wakiambiwa kuhusu macho, hawakawii kujibu: mtoto wa jicho si hutolewa kwa upasuaji? Ni kweli, hutolewa. Lakini jicho lina sehemu ambazo daktari anaweza kuzibadilisha, na lina nyingine ambazo seli zake zikishakufa hakuna hospitali inayozirudisha. Moshi wa tumbaku hauchagui kati ya hizo mbili. Ndiyo maana naiandika makala hii.

Moshi unavyofika ndani ya jicho

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Nyingine hugusa jicho moja kwa moja kutoka nje. Hizo ndizo zinazovuruga machozi, likawasha, likawa jekundu na kukauka. Nyingi zaidi hupitia kwenye damu. Nikotini hubana mishipa midogo, na kaboni monoksaidi hukalia nafasi ya oksijeni katika chembe nyekundu. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni kati ya sehemu za mwili zinazohitaji oksijeni nyingi mno kwa uzito wake. Kwa hiyo mvutaji huipunguzia retina yake chakula kila siku, na papo hapo humaliza vitamini C na virutubisho vingine ambavyo mwili hutumia kujikinga na sumu hizo.

Kinachotibika: mtoto wa jicho

Lenzi ya jicho imejengwa kwa protini zilizopangwa kwa ustadi ili mwanga upite. Sumu za moshi, ikiwemo madini ya kadimiamu ambayo hujikusanya ndani ya lenzi, huvuruga mpangilio huo. Lenzi iliyokuwa angavu hupata ukungu, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukishika moto. Mwaka 1992 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia madaktari wanaume zaidi ya 17,000. Waliovuta sigara 20 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata mtoto wa jicho takriban mara mbili ya wale ambao hawakuwahi kuvuta.

Tiba ni kuondoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia, na mara nyingi mgonjwa huona vizuri tena. Hata hivyo, barani Afrika mtoto wa jicho bado anaongoza kwa kusababisha upofu. Madaktari wa upasuaji wa macho ni wachache, hospitali ziko mbali, na nauli pamoja na gharama huwashinda wengi. Tiba ipo, lakini kuifikia ni jambo jingine.

Kisichotibika: makula

Katikati ya retina pana eneo dogo sana liitwalo makula. Kwa eneo hilo tunasoma, tunatunga uzi kwenye sindano na kutambua sura za watu. Kwa baadhi ya watu, hasa baada ya miaka 50, makula huanza kuzorota. Mgonjwa huona pembeni, lakini katikati pana doa au giza. Anajua kuna mtu mbele yake, ila hawezi kusema ni nani.

Hapa ndipo sigara inapotisha zaidi. Hatari ya mvutaji kupata ugonjwa huu ni mara mbili hadi nne ya asiyevuta. Ugonjwa huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini Mwafrika naye huupata. Aina moja, ile ya mishipa inayovuja, hupunguzwa kasi kwa sindano zinazochomwa ndani ya jicho, tena mara kwa mara. Aina nyingine, ya ukavu, huua seli polepole, na seli zilizokufa hazirudi. Miwani haisaidii, na makula haibadilishwi kama lenzi.

Wenye ugonjwa wa tezi ya shingo unaofanya macho yatokeze nje nao wawe waangalifu. Wakivuta sigara, macho huathirika zaidi na dawa hufanya kazi kwa shida.

Sura haifichi

Mwaka 1985 daktari Mwingereza, Douglas Model, aliandika katika jarida la udaktari la Uingereza kwamba uso wa mvutaji wa muda mrefu unaweza kutambulika kwa kuutazama tu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa jozi 79 za mapacha wanaofanana. Pacha mmoja alikuwa mvutaji na mwenzake hakuvuta, au mmoja alivuta kwa miaka mingi zaidi. Aliyevuta zaidi alikuwa na ngozi iliyolegea zaidi juu ya jicho na mifuko mikubwa zaidi chini yake. Damu yao ya kurithi ni moja, kwa hiyo lawama haiendi kwa ukoo.

Sababu inajulikana. Moshi huamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni, nyuzi zinazoikaza ngozi, na ngozi inayozunguka jicho ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini. Krimu haiwezi kushindana na uharibifu unaoongezwa kila siku. Matone ya kung'arisha macho mekundu nayo hubana mishipa kwa saa chache tu, na ukiyazoea wekundu hurudi kwa nguvu zaidi.

La kufanya

Acha kuvuta. Hatari hushuka baada ya kuacha, ingawa huchukua miaka, kwa hiyo kila mwaka unaosubiri una gharama yake. Usihamie kwenye shisha, kwa sababu maji hayachuji sumu, na mkaa wake huongeza kaboni monoksaidi. Usivute ndani ya nyumba yenye watoto.

Usinunue vidonge vya macho bila kuuliza, maana vingine vina beta-karotini. Utafiti mkubwa wa Finland uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa wavutaji waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi. Karoti na mchicha mezani havina shida, tatizo ni dozi kubwa ya vidonge.

Ukiwa na zaidi ya miaka 40, pimwa macho hata kama unaona vizuri. Nyumbani, chukua ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba na uweke nukta katikati. Vaa miwani yako ya kusomea kama unayo, ziba jicho moja, tazama nukta hiyo, kisha ubadilishe jicho. Mistari ikipinda au sehemu ikipotea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana sindano husaidia kabla kovu halijajengeka. Na ukifika mbele ya daktari, mwambie wazi kuwa unavuta na umuombe msaada wa kuacha. Hiyo nayo ni tiba ya macho, na ndiyo pekee inayolinda lenzi, makula na uso kwa pamoja.