Mkanda wa Gari Uliobadilishwa Hujaribiwa Vipi?



Msimu wa karafuu unakaribia, na magari ya wanachama yamo kwa mafundi yakitengenezwa: breki, mipira, taa, na mikanda ya viti pia. Twafurahi kuona hivyo. Lakini wako wanaodhani ya kuwa mkanda mpya ukishafungwa mahali pake, kazi imekwisha. Sivyo. Mkanda uliobadilishwa hauaminiki mpaka ujaribiwe, na ni kheri mwenyewe aujaribu uwanjani kuliko kujaribiwa na ajali.

Kwanza tueleze unavyofanya kazi. Mkanda wenye kushikwa mahali patatu ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo huko Uswidi. Siku hizi hukunjwa ndani ya kibweta kilichofungwa katika nguzo ya mlango. Humo mna vizuizi viwili. Kimoja huushika mkanda ukivutwa kwa ghafula. Cha pili, aghalabu kigololi kidogo cha chuma, huushika gari ikipunguza mwendo kwa ghafula au ikilala sana upande. Kwa ajili ya kigololi hicho, kibweta sharti kikae kama kilivyowekwa kiwandani. Kikikaa vingine, mkanda hukwama au hukosa kushika. Basi mkanda wa gari ya namna moja usitiwe katika gari ya namna nyengine kwa kukisia tu.

Majaribio ni haya:

1. Uvute mkanda wote nje, uutazame pande zote mbili. Usiwe umesokoteka, umechanika wala kulika. Kisha uuachie polepole: urudi wenyewe mpaka mwisho.

2. Uvute taratibu: utoke laini. Uvute tena kwa ghafula: ukatae palepale. Rudia mara kadhaa. Ukikubali hata mara moja, gari irudi kwa fundi.

3. Tia ulimi wa chuma katika bizimu mpaka usikie mlio. Uvute kwa nguvu: usitoke. Kisha bonyeza kifungo: utoke mara moja. Fanya hivi pia mkanda ukiwa umekaza mwilini, kwani ndivyo utakavyokuwa siku ya ajali.

4. Tazama bolti. Ziwe zile zile za gari, au za namna yake khasa. Bolti yoyote ya dukani haitoshi. Zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Chuma zinapoingia kisiwe kimeliwa na kutu.

5. Mwisho, mahali pakavu pasipo watu wala gari nyengine, endesha kwa mwendo wa kilomita 10 hadi 15 kwa saa, ukanyage breki kwa nguvu. Mkanda ukukamate. Dereva awe tayari kujizuia kwa mikono usiposhika, na abiria asiwemo.

Gari nyingi zinazoletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika zina mikanda yenye baruti ndogo ya kuikaza wakati wa ajali. Ukiwasha gari hiyo, taa ya mfuko wa hewa huwaka kidogo kisha huzimika. Isipozimika baada ya mkanda kubadilishwa, pana kasoro. Asiiguse ila fundi aijuaye, wala mtu asizipime waya zake kwa betri.

Twajua bei zilivyo. Mkanda uliotolewa katika gari iliyogongwa ni rahisi, na fundi viatu naye hushona palipochanika kwa pesa kidogo. Tusidanganyike. Mkanda uliokwisha kumshika mtu katika ajali umevutika, hata ukionekana mzima. Na uzi wa viatu hauwezi kumzuia mtu gari ikigonga.

Mchumaji hodari hategi uzito wake wote juu ya tawi la mkarafuu kabla hajalikanyaga kwa mguu mmoja kwanza, maana lajulikana kwa kukatika ghafula. Na mkanda tuutende hivyo hivyo. Twamwomba kila mwenye gari amalize majaribio haya kabla ya gunia la kwanza kupakiwa. Watu husema ajali haikimbiliki. Lakini bolti iliyolegea yaonekana, na kuikaza ni kazi ya dakika chache.

Katibu wa Chama