Nyumba za Mifuko ya Udongo na Mvua za Songea

Tofali la kuchoma hula kuni nyingi, na mahali panapolimwa tumbaku ya moshi kuni hizo hizo ndizo zinazokaushia zao. Kwa hiyo ujenzi wa kuta kwa mifuko ya salfeti iliyojazwa udongo unastahili kufikiriwa na vyama vya msingi, iwe ni nyumba ya mwanachama au ya mlinzi wa ghala.

Kazi yenyewe si ngumu. Udongo wenye unyevu kidogo, yapata sehemu 3 za mfinyanzi kwa 7 za mchanga, hujazwa katika mifuko. Mifuko hupangwa kwa duara na kushindiliwa, na baina ya safu na safu hutandazwa seng'enge ili isiteleze. Kila safu ikiingia ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, kuta hukutana juu zikawa kuba, pasipo boriti wala bati.

Aliyeeneza ujenzi huo ni Nader Khalili, mbunifu wa majengo mzaliwa wa Iran, ambaye mwaka 1991 alianzisha taasisi yake huko Hesperia, California. Hesperia ni nchi ya jangwa. Songea hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili, kisha hufuata baridi ya Juni na Julai. Kuba haina upenu. Mvua huipiga tangu kileleni, na lipu ikipasuka maji huingia ukutani yasitoke upesi.

Wengine hupenda kuifukia nyumba ili kukinga baridi. Hilo si geni nchini: Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba katika miteremko, na Wagogo waliezeka tembe kwa udongo. Lakini mvua ya Dodoma ni karibu nusu ya ile ya Songea, na tabaka la udongo la nusu mita, likilowa, huweka karibu tani 1 juu ya kila mita ya mraba. Wamatengo wa Mbinga huchimba ngoro mlimani makusudi ili maji yatulie. Nyumba iliyochimbwa mlimani bila mfereji nyuma yake nayo ni ngoro, ila ndani yake wamelala watoto.

Inafaa basi kuta za mifuko zijengwe juu ya ardhi na kuezekwa bati au nyasi kwa upenu mpana. Safu za chini zijazwe kokoto badala ya udongo, maji yasipande. Mifuko ipigwe lipu mapema, kwa kuwa jua huichana katika miezi michache. Ghala la mahindi lisifukiwe kabisa. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 huota ukungu.

Anayeshikilia kuchimba na achimbe kwanza shimo la kimo cha mtu mwezi Machi, alifunike vizuri, alitazame asubuhi. Likiwa na maji, bodi isiidhinishe fedha.