Kilomita ya Mgeta na Kilomita ya Dodoma

Tuchukue mwenye malori mawili ya Fuso pale Kihonda, Morogoro. Mwisho wa mwezi anajumlisha dizeli na fungu la tairi: ya kwanza imekula milioni mbili, ya pili milioni moja na nusu. Hukumu inatoka papo hapo kwamba ya kwanza ndiyo inayomnyonya. Lakini jumla hiyo haihukumu chochote mpaka igawanywe kwa umbali. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hupanga nauli za mabasi ya mikoani hivyo, kwa abiria kwa kilomita. Viwango vya Desemba 2023 viliweka daraja la kawaida kwenye lami shilingi 48.47. Mwenye lori, ambaye bei yake hupatanwa kwa mdomo, anahitaji hesabu hiyo zaidi.

Tuseme dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita. Fuso ya kwanza hukimbia lami ya Dodoma, kilomita 6 kwa lita, yaani shilingi 500 kwa kilomita. Ya pili hupanda milima ya Uluguru kufuata kabichi za Mgeta, kilomita 4 kwa lita: shilingi 750. Tairi sita za shilingi 3,600,000 zikidumu kilomita 60,000 kwenye lami na nusu yake mlimani, ongeza 60 huku na 120 kule. Tumefika 560 dhidi ya 870, na breki na springi, ambazo mlima hauzionei huruma, bado. Sasa rudi kwenye risiti: ya Dodoma ilitembea kilomita 3,600, ya Mgeta 1,700 tu. Iliyolaumiwa ndiyo nafuu. Bima na mshahara wa dereva viwekwe kando, maana hulipwa hata gari likilala.

Wapo watakaosema gari likinguruma kwenye foleni huchoma dizeli bila kusogea, hivyo kilomita inadanganya. Hapana: gharama ya kilomita itapanda, na mwenye gari atauliza kwa nini. Kibao cha kilomita kikiwa kimekufa, kitengenezwe. Kukisia ni ghali zaidi. Hoja nzito ni ya gari tupu. Fuso ya Mgeta ikipanda bila mzigo na kushuka imejaa, kabichi peke yake ndiyo inayolipia njia zote mbili. Kwa wastani wetu, kila kilomita yenye mzigo inabeba shilingi 1,740, na nauli ya gunia ipigwe kuanzia hapo, kisha bima, mshahara na faida vifuate.