Sale ya arusi ikifungwa: namna ya kudai feza zilizolipwa kwa kadi

Miezi ya Juni mpaka Septemba ni wakati wa arusi nyingi, hapa kwetu na kwa ndugu zetu walio ng'ambo. Kamati inaundwa, michango inaingia, na kitu cha kwanza kulipiwa ni sale, maana sale nzuri hukamatwa mwaka mmoja ao miwili kabla. Feza zinatoka leo, sherehe itakuwa baada ya miezi kumi na minane, na katikati ya hapo kampuni yenye sale inaweza kufilisika. Watu wanakuta kufuli mlangoni, na simu haiitikiwi.

Wanaoumia si maarusi peke yao. Katika jamaa zetu, avansi ya sale inayolipwa Manchester ao Birmingham mara nyingi ina ndani yake dola hamsini za shangazi wa Uvira na mchango wa wamama wa kanisa huko Bukavu. Sale ikifungwa, jina linaloanza kusemwa vibaya si la kampuni, ni la mtunza feza wa kamati. Ndiyo sababu tunaona vema kueleza jambo hili. Tunaanza na Uingereza, kwa kuwa sheria ya kule inampa mlipaji nguvu ambayo wengi hawaijui.

Swali la kwanza ni hili: kadi iliyotumika ni ya aina gani? Kuna kadi ya mkopo, ambayo benki inakulipia na wewe unairudishia baadaye. Na kuna kadi ya kawaida, inayotoa feza moja kwa moja kwenye konti yako. Machoni zinafanana, lakini mbele ya sheria hazifanani hata kidogo.

Kwa kadi ya mkopo, sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 juu ya mikopo, katika kifungu cha 75, inaifanya benki iliyotoa kadi kubeba jukumu pamoja na muuzaji. Muuzaji akivunja mkataba, unaweza kuidai benki kama vile ungemdai yeye mwenyewe. Bei inapaswa kuwa zaidi ya pauni 100 na isipite pauni 30,000. Kinachoangaliwa ni bei ya sale, si kiasi kilichopita kwenye kadi. Tuseme sale ni pauni 6,000. Maarusi walilipa avansi ya pauni 500 kwa kadi ya mkopo, kisha wakatuma 2,500 kutoka konti hadi konti. Kampuni ikianguka, wanaweza kuidai benki ya kadi zile 3,000 zote, na pia hasara nyingine iliyotokana na mkataba kuvunjika. Wengi hudai 500 tu, na benki haina haraka ya kuwakumbusha zilizobaki. Haki hii haiishi upesi: Uingereza na Wales mtu ana miaka sita ya kudai, Scotland mitano.

Lakini kuna shimo, na liko kwenye njia yetu hasa. Sheria inataka mwenye kadi awe ndiye mwenye mkataba na sale. Kwetu baba mdogo mwenye kadi nzuri ndiye analipa, na mkataba unaandikwa kwa jina la bibi-arusi. Hapo benki inaweza kukataa: baba mdogo hana mkataba na sale, bibi-arusi hana mkopo kwenye benki. Shida hiyohiyo inaweza kutokea mkilipa kupitia mtu ao kampuni ya katikati inayopanga arusi. Dawa yake ni kufanya jambo kabla ya kulipa: jina la mwenye kadi liingie kwenye mkataba kama mmoja wa wanaokodi. Kuandika upya mkataba baada ya kampuni kufungwa, ili benki idanganyike, ni uongo. Na hata yule asiyemuogopa Mungu basi aogope polisi.

Kwa kadi ya kawaida kifungu cha 75 hakifanyi kazi. Kuna njia nyingine, inaitwa chargeback, na ni vizuri kulitaja neno hilo kwa benki jinsi lilivyo. Hii si sheria ya serikali bali ni kanuni za Visa na Mastercard: benki yako inaiomba benki ya sale irudishe malipo kwa sababu huduma haikutolewa. Inarudisha tu kile kilichopita kwenye kadi hiyo. Muda wake ni mfupi, kwa kawaida siku 120. Kwa huduma ya siku zijazo, siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ambayo sherehe ingefanyika ao tangu siku mliyojua kwamba haitafanyika. Mfanyakazi wa benki akihesabu tangu siku ya malipo, mwombeni kwa upole aangalie tena. Ila kuna mpaka wa mwisho wa siku 540 tangu malipo, kwa hiyo avansi iliyolipwa miaka miwili kabla inaweza kuwa imechelewa.

Waliolipa mkononi ao kwa kutuma konti hadi konti peke yake wanabaki na mfilisi, yaani mtu anayewekwa kukusanya mali ya kampuni na kulipa madeni. Wajaze fomu yake ya kudai; haina malipo. Lakini mbele yao kuna gharama za mfilisi mwenyewe, benki zilizokopesha kwa dhamana, mishahara ya wafanyakazi na kodi fulani. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo sana, ao hakuna kabisa.

Kabla ya kudai popote, hakikisheni sale imefungwa kweli. Uvumi unatembea upesi kwenye makundi ya WhatsApp. Daftari la makampuni la Uingereza, Companies House, linasomwa bure kwenye intaneti, na matangazo ya kufilisika hutolewa katika The Gazette. Wakati mwingine kampuni iko tu mikononi mwa msimamizi anayetafuta mnunuzi, na arusi inaweza bado kufanyika. Msiandike barua ya kuvunja mkataba kwa hasira. Mkiuvunja ninyi, benki itasema ninyi ndio mlioacha.

Kisha mkusanye mkataba, risiti, barua pepe, karatasi ya benki inayoonyesha malipo, na picha ya tangazo la kufungwa, mpeleke madai kwa maandishi. Benki ikikataa, pelekeni lalamiko rasmi. Ina wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Jibu lisipowaridhisha, kuna Financial Ombudsman Service, mwamuzi wa migogoro ya benki na wateja, asiyetoza mteja kitu. Mna miezi sita tangu jibu hilo. Hakuna haja ya kumlipa mtu asimamie kazi hii. Na mjihadhari: sale kubwa ikianguka, wezi hupiga simu wakisema watarudisha feza zenu mkilipa kwanza ada kidogo.

Kwa ndugu walio Marekani, sheria nyingine ya mwaka 1974 inawalinda wenye kadi za mkopo. Barua ya kupinga malipo ifike kwa benki ndani ya siku 60 tangu karatasi ya kwanza iliyoonyesha malipo hayo. Hapo tatizo la arusi ya mbali linaonekana wazi, kwa hiyo aliyepitwa na siku 60 aulize pia juu ya chargeback.

Feza zikirudi, zinaingia kwenye kadi ya aliyelipa, si mfukoni mwa shangazi wa Uvira. Kwa kadi ya mkopo, zinapunguza kwanza deni la mwenye kadi, na yeye anaweza kusahau haraka kwamba zilikuwa za watu wengi. Tunashauri kamati iandike tangu mwanzo nani alichanga kiasi gani, na kwamba kitakachorudi kitagawanywa ao kitalipia sale nyingine kwa kauli ya kikao. Karatasi hiyo moja itamlinda mtunza feza kuliko viapo vyake vyote.

Na sisi tulio Kongo? Mwenye kadi ya Visa ya benki ya hapa anaweza pia kuuliza juu ya chargeback, kwa sababu kanuni za Visa zinafika mpaka kwenye benki hiyo. Lakini tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, malipo mengi yamepita kwenye simu, na feza iliyotumwa kwa simu na kutolewa haina benki ya kadi ya kuirudisha. Kinachobaki ni mkataba wenyewe. Kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia, cha tangu 1888, kinaufanya mkataba kuwa sheria kwa waliouweka, kwa hiyo mwenye sale bado anadaiwa hata akifunga mlango. Kama ni kampuni na tribinali imetangaza kufilisika kwake, sheria za OHADA, zinazotumika kwetu tangu 2012, zinamtaka kila mdai ajitokeze kwa msimamizi aliyewekwa, ndani ya muda unaotangazwa.

Kwa hiyo kabla ya kutuma avansi, ombeni namba ya RCCM ya sale na jina la mwenyewe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Angalieni kama jina linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma ni lilelile. Lipeni kwa vipande, kipande kikubwa kibaki mpaka wiki ya arusi, na ujumbe wa kila malipo uhifadhiwe kwenye simu mbili, maana simu nayo hupotea.